Kanda ya Shangazi

Kila nikichemsha mbaazi mbichi, harufu yake hunirudisha jikoni kwa nyanya, kule Mbooni, siku ile kanda ya kwanza ya nyimbo za shangazi ilipofika.

Babu alikuwa mzee wa kanisa. Alimfukuza shangazi kwa sababu ya gita, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kutaja jina lake pale nyumbani. Nyanya aliitia kanda kwenye redio, akapunguza sauti. Majirani waliokuja kumsaidia kuambua mbaazi wakasogea karibu. Shangazi aliimba kwa Kikamba kuhusu kina mama waliochimba matuta mlimani wakiwa na watoto mgongoni.

"Woi, huyu anatuimba sisi!" jirani mmoja akasema, huku akilia na kucheka.

Hapo babu akaingia. Nyanya akanyoosha mkono haraka kuizima redio.

"Wacha," babu akasema.

Alivua kofia, akasimama kati ya maganda mpaka wimbo ukaisha. Sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima akisikiliza hivyo.

"Rudisha mwanzo," akamwambia nyanya. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Anaishi wapi siku hizi?"