Maji ya Redioni

Maji yaliyosikika redioni siku ya uzinduzi wa mradi niliyamimina mimi. Niliyamimina kwa jagi la plastiki ndani ya beseni la bluu, nimechuchumaa sakafuni mwa studio, kipaza sauti kimelala kando ya goti langu. Nalisema hili mapema kwa sababu humu nitawasema watu vibaya sana, na sitaki msomaji afike katikati ndipo agundue kwamba msemaji naye hana mikono safi.

Kituo chetu kilikuwa redio jamii katika mji mdogo kando ya ziwa, mwendo wa saa mbili hivi kutoka Mwanza. Nilitoka Nyakato, huko huko Mwanza, nilikozaliwa na kukulia katikati ya viwanda, nina cheti cha uandishi wa habari na mdomo mrefu, nikidhani nakwenda kuwa sauti ya wasio na sauti. Nikakuta chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo, kuta zimebandikwa trei za mayai ili kuzuia mwangwi, na kuku wa mwenye nyumba wanachungulia mlangoni kama waliofuata mali yao. Asubuhi tulisoma matangazo ya vifo na ya ng'ombe waliopotea, na hayo ndiyo yalikuwa ya kweli kuliko yote tuliyorusha. Mtu akifa amekufa. Ng'ombe akipotea, hakuna anayesema kupatikana kwake kumefikia hatua nzuri.

Yaliyobaki yalikuwa habari za maendeleo. Meneja wetu, mtu wa suti moja ya kijivu na kalamu tatu mfukoni, alikuwa na sheria zake. Neno "tatizo" lilikuwa marufuku. Palikuwa na changamoto tu. Choo cha soko kikifurika hadi kwenye meza za nyanya, ilikuwa changamoto ya choo. Watu nao hawakuwa watu, walikuwa wadau. Kuna mzee aliyeng'atwa na mamba mguuni akioga, nasi tukamtangaza kuwa mdau wa ziwa aliyepata changamoto. Taarifa hiyo niliisoma mimi, kwa sauti yangu nzuri ya saa mbili asubuhi, wala sikucheka.

Kwenye vikao vya madiwani tulikaa viti vya nyuma tukila maandazi. Tulimrekodi aliyefungua kikao na aliyekifunga. Katikati, ambako watu waligombana kwa hoja na wakati mwingine kwa vidole, meneja alikuwa ametuagiza tuzime vinasa sauti ili tusimalize betri. Debe tupu haliachi kuvuma, wahenga walisema, ila hawakuwahi kuliona debe lenye mnara na leseni.

Sasa huo mradi wa maji. Watu wa mji ule wanalitazama ziwa kutwa nzima na hawana maji. Wanachota ufukweni, pale pale panapoogewa na kufuliwa na kunyweshewa ng'ombe, na kichocho wanakijua kama wanavyoyajua mafua. Kwa hiyo lilipojengwa bomba la umma karibu na stendi, na tenki likapandishwa kilimani likapakwa rangi, watu walifurahi kwa haki kabisa. Hata mimi nilifurahi. Nilikuwa nikilipa mtu wa baiskeli aniletee madumu mawili kila asubuhi.

Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alikata utepe, akafungua koki. Bomba likakohoa. Likatoa hewa, likatema kutu kiasi cha kijiko cha chai, likanyamaza. Baadaye tuliambiwa kwamba pampu ilikuwa bado haijaunganishwa umeme. Mgeni rasmi hakutetereka. Alisema maji yako njiani, akapigiwa makofi, kisha akafanya lile jambo ambalo wakubwa hulifanya kwenye kila mradi wa maji: akamtwisha mama mmoja ndoo. Sijawahi kulielewa. Mwaka mzima wanatuimbia kwamba wamekuja kumtua mama ndoo kichwani, halafu siku ya sherehe kazi ya kwanza ni kumtwisha. Na ndoo yenyewe ilikuwa tupu. Yule mama, muuza dagaa wa pale pale stendi, aliipokea, akakaza shingo, akaenda taratibu, mkono mmoja ukingoni, kwa mwendo wa mtu aliyebeba lita ishirini. Vigelegele vikapigwa. Nikampiga picha.

Jioni meneja aliisikiliza sauti niliyorudi nayo. Hotuba, makofi, kikohozi cha bomba. Akauliza maji yako wapi. Nikamwambia hayakutoka. Akanitazama kama anayemtazama mpishi aliyetumwa sokoni akasahau chumvi.

"Redio haina macho," alisema. "Tafuta maji."

Mfagizi wetu alikuwa na dumu la maji ya ziwa la kupigia deki. Nikachukua jagi na beseni. Mara ya kwanza ilisikika kama mtu anakojoa. Mara ya pili nilimimina kwa juu mno, ikasikika kama mvua. Mara ya tatu niliinamisha jagi vizuri, maji yakatiririka mazito na ya furaha, na mwishoni jagi likagonga ukingo wa beseni, tok, kama ndoo inavyogonga sakafu ya bomba. Meneja akafumba macho akatikisa kichwa kwa raha. Nami, Mungu anisamehe, nilijisikia fundi. Saa moja jioni mji mzima ulisikia koki ikifunguliwa na maji yakimwagika, na sauti yangu juu yake ikisema kwamba hatimaye kiu imekwisha.

Watu wa karibu na stendi walijua, bila shaka. Lakini mji una vijiji vyake nyuma ya vilima, na una ofisi zake, na huko redio ndiyo macho. Meneja aliipenda sauti ile kiasi kwamba akaifanya kibwagizo cha kipindi cha wananchi. Kila wiki, kabla sijasema habari za asubuhi, maji yangu yalimwagika, tok, na kipindi kikaanza. Pampu haikuunganishwa mwezi ule, wala uliofuata. Mtu mmoja alianika mashuka yake kwenye uzio wa bomba.

Ilikuwa kama miezi mitatu baadaye nesi alipokuja studio. Alikuwa mkunga wa zahanati yetu, mama wa Kihaya aliyekuja kutoka Kagera akiwa binti, katika kazi yake ya kwanza, na hakuondoka tena. Mlutheri wa benchi la mbele, mrefu, asiyeharakisha maneno. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akabaki amesimama ingawa nilimvutia kiti. Akaomba nimwonyeshe maji.

Nilidhani ana kiu. Nikamletea bilauri. Akaisogeza pembeni.

Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa dawa. Zahanati haikuwa na bomba. Kila Jumanne halmashauri ilikuwa ikileta boza la maji, likijaza mapipa manne, na kwa maji hayo alizalisha, akaosha vyombo, akafua mashuka. Baada ya uzinduzi boza liliacha kuja. Alivumilia miezi miwili, wa tatu akaenda kuuliza. Ofisa aliyempokea alimwambia boza limepelekwa kwingine, maana mji umeshapata maji. Nesi akasema hayapo. Ofisa akatoa simu, akaiweka mezani, akamchezea kipindi changu. Maji yakamwagika. Ofisa akasema, kwa upole kabisa, kwamba si vizuri mtumishi wa umma kupinga mafanikio ambayo kila mtu ameyasikia.

"Wazazi sasa ninawaambia waje na maji yao," alisema nesi. "Wanakuja na ya ufukweni. Ijumaa alikuja mmoja, mtoto anatoka na dumu bado liko njiani. Nikakata dripu, nikanawa mikono kwa maji ya dripu."

Nilikwenda pembeni mwa meza, nikalitoa beseni la bluu, nikamwekea mbele yake na jagi ndani. Nikamwambia ni hili. Alilitazama. Kuku alikuwa mlangoni, naye akilitazama.

"Mficha uchi hazai, mwanangu," alisema. "Mimi hiyo kwangu si methali, ni kazi." Akatoka.

Niliona aibu, na aibu yangu kama kawaida ilitoka ikiwa hasira kwa mtu mwingine. Nikaingia kwa meneja nikamwambia tuna habari. Alinisikiliza hadi mwisho, akachomoa moja ya zile kalamu tatu, akaitazama, akairudisha. Alisema hiyo si habari, ni changamoto, na changamoto huripotiwa ikishatatuliwa. Halafu akaniuliza kama nimeshasoma tangazo la mkutano wa wadau wa pamba.

Mtu wa namna hiyo huwezi kumshinda kwa ukweli, kwa sababu hana mahali pa kuuweka. Nikaamua kumshinda kwa sifa. Wiki iliyofuata nilimwambia wadau wa mradi wanataka kutoa shukrani zao mubashara, pale pale bombani, na kwamba mkunga wa zahanati mwenyewe atafungua koki. Sikusema uongo hata neno moja, ila hilo la shukrani. Alifurahi. Alisema yeye atakaa kwenye mitambo, nami nitasema kwa simu.

Jumamosi saa nne asubuhi tulikuwa stendi. Nesi alikuja, kama nilivyomwomba, na ndoo yake na sare yake nyeupe, akina mama kadhaa wakiwa na kadi zao za kliniki, na wapita njia waliosimama kwa kuwa wengine wamesimama. Muuza dagaa, yule wa ndoo tupu, alikuwa mezani pake hatua chache kutoka bombani, na redio yake ndogo ya betri imeegemezwa kwenye sado la kupimia dagaa. Niliwasalimu wasikilizaji. Nikawaambia mahali tulipo na nani yuko nami. Nikasema, sasa nesi anafungua koki, tusikilize pamoja. Nesi akafungua hadi mwisho. Nikaisogeza simu kwenye mdomo wa bomba na nikanyamaza, nikiwa na furaha mbaya moyoni, nikijua kwamba kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, redio yetu inatangaza kitu kama kilivyo.

Ndipo maji yakamwagika nyuma yangu.

Niligeuka. Kila mtu aligeuka. Yalikuwa yanatoka kwenye redio ya muuza dagaa, mazito, ya furaha, yakitiririka bila haya juu ya meza ya dagaa wakavu. Nilingojea nikiwa tayari najua. Tok. Lilikuwa jagi langu. Meneja alikuwa amezima simu yangu na kuchomeka kibwagizo, na sasa sauti yake yeye mwenyewe ilikuwa inawashukuru wadau kwa kujitokeza. Maji yakaanza tena.

Watu walilitazama bomba, wakaitazama redio. Nesi akafunga koki kwa uangalifu, kama ya nyumbani kwake, akainua ndoo, akaenda nayo hadi kwenye ile meza. Akaiweka chini ya redio. Akaisogeza kidogo ikae sawasawa, akafunga mikono kifuani, akasubiri.

Muuza dagaa ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi akakaa chini kwenye gunia, akifuta machozi kwa kanga, akisema hata yeye siku ile alitembezwa na ndoo ya hewa, na shingo ilimuuma kweli. Kisha wote wakacheka, na kicheko kile hakikusikika popote, kwa maana simu ilikuwa imekatwa. Ila stendi ni stendi. Kufikia jioni kilikuwa kimefika kila kijiji nyuma ya vilima, na tangu siku hiyo mji ule, mtu akikuahidi kitu cha uongo, unamwambia asikuletee maji ya redioni. Nasikia mpaka leo wanasema hivyo. Ndilo neno pekee nililoliongeza kwenye lugha ya Kiswahili.

Meneja hakunifukuza. Alinihamishia matangazo ya vifo, akidhani ananiadhibu. Na baada ya siku kumi boza likarudi zahanati, si kila wiki, bali likijisikia. Hakuna aliyekiri kwamba liliwahi kuacha. Habari yenyewe tuliirusha, sasa kwa kuwa changamoto ilikuwa imetatuliwa, na chini ya sauti ya msomaji mpya meneja akaweka maji yangu.

Nilikwenda zahanati Jumanne ile ya kwanza na kinasa sauti mfukoni, kwa mazoea. Nesi alikuwa uani, viatu amevua, anahangaika na mpira mnene wa boza unaoruka ruka kama kambale. Nilimpa shikamoo. Aliitikia bila kugeuka, akaniambia niache mambo yangu nishike hapa. Nikaushika. Nilitega sikio, maana sikuwa na desturi nyingine mbele ya maji, lakini mpira ulikuwa umeshazama ndani ya pipa, na pipa lilikuwa linajaa kimya kimya hadi juu.