Mbwa Aliyefunguliwa Ukunguni

Kule kwetu, juu ya Molo, ukungu haubishi hodi. Unaanika nguo uani mchana, ukigeuka kuchukua kibanio msitu haupo, ukigeuka tena zizi halipo. Zinabaki sauti tu: kondoo akikohoa, maziwa yakimiminwa jikoni, mama akiimba nyimbo za kanisa na kuyabadilisha maneno apendavyo. Utoto wangu naukumbuka hivyo, kama kitu nilichokisikia kuliko kukiona.

Ukungu huohuo ndio uliokuwa ukimwibia mama. Mbweha wa kwetu hawana subira ya kungoja giza. Wanashuka na ukungu kutoka msituni, na ukungu ukiinuka unakuta kondoo jike anazunguka akimwita mtoto asiyekuwepo. Baba alipofariki nilianza kumbembeleza mama auze kondoo, tukae wote Nakuru mjini. Nilishamtandikia kitanda karibu na dirisha. Nilihofia usalama wake, tena nilimtaka karibu yangu, na sioni haya kusema. Alikataa kabisa, mpaka msimu mmoja mbweha walipozidi, akaniambia kwa simu, "Akienda mwingine mmoja tu, nauza wote. Nitakuja."

Mjomba, ndugu yake mdogo anayefanya kazi katika shamba la mifugo Gilgil, alipopata habari alileta mtoto wa mbwa ndani ya gunia. Alikuwa mweupe, mzito, mwenye macho ya mtu aliyekatizwa usingizi. Wazazi wake ni wa aina inayozaliwa kwa kazi moja tu, kulinda kondoo.

"Alale na kondoo, ale na kondoo," mjomba alisema. "Hata akilia, usimlete jikoni. Huyu si wa kuchunga, ni wa kukaa tu na watu wake. Na dada, tafadhali, usimfunge."

"Ni mbwa gani anatembea mchana kama chifu?" mama akauliza.

"Huyu. Akikomaa utamwona analala akitazama nje. Kile amekubali ni chake, hakiangalii. Anaangalia kile kinakuja."

"Hizo ni stori za wazungu."

Kwetu mbwa hufungwa mchana, jioni akafunguliwa. Eti ndivyo anavyokuwa mkali, na jirani anapita njia kwa amani. Mwacha mila ni mtumwa, mama alisema, akamlaza yule mtoto wa mbwa zizini kila usiku, na kila asubuhi akamtia mnyororo kando ya jikoni. Mjomba alipiga simu mpaka akachoka. Mbwa akakua, akawa mkubwa kama ndama, na kutwa nzima alisimama mnyororo umekaza, uso umeelekea malishoni.

Basi alasiri moja ukungu ukashuka, mbweha wakaja, na mbwa akaruka na kuvuta mpaka ukanda ukamchuna shingo. Ukungu ulipoinuka, mwanakondoo mmoja hakuwepo.

Mama ni mtu wa neno lake. Alitafuta mnunuzi mjini Molo, akanipigia nije kumchukua. Nilipofika sufuria zilikuwa zimefungwa katika shuka, na mwenyewe amevaa koti la kanisani. Akaenda kando ya jikoni, akaitazama ile shingo yenye kidonda, akafungua mnyororo.

"Angalau awaage," alisema.

Mbwa hakukimbia. Alitembea hadi malishoni, akaingia katikati ya kondoo, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Kisha ukungu ukatufunika sote. Tulisimama mlangoni, mimi na mama, tukisikiliza. Mbweha mmoja alilia upande wa msitu, mwingine akamjibu. Halafu ikaja sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwetu, nene, isiyo na haraka, mara karibu na seng'enge, mara mbali, ikizunguka, ikizunguka. Mama alinishika mkono. Mbweha wakanyamaza. Tulisikia kondoo wakitafuna majani.

Ukungu ulipopanda walikuwepo wote, na watoto wao, wamelala kwenye nyasi. Mbwa alikuwa ukingoni, ametazama msitu. Mama alitembea na koti lake zuri mpaka katikati yao, akaketi chini kwenye umande.

Lori la mnunuzi likapiga honi. Nilienda kumwinua mama, na nilipomshika tu mkono mbwa akaja akasimama kati yetu. Hakunguruma. Alinisukuma magoti na ubavu wake, taratibu, huku akinitazama. Mama akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu baba aondoke.

"Anaona unaniiba," alisema. Kisha akapaza sauti kwa mwenye lori, "Boss, samahani, rudi tu! Leo hakuna kitu inauzwa hapa!"

Nilikasirika. Nilirudi Nakuru nimenuna, na kile kitanda cha dirishani nikakiachia wageni.

Sasa mama ndiye anayefundisha majirani. Kiangazi kikiingia anamchana mbwa zile nywele za chini, laini kama pamba, akizitupa upeponi. Mkata manyoya ya kondoo alitaka kumnyoa naye, mama akamfukuza: manyoya hayo ndiyo blanketi lake, na ndiyo kivuli chake. Humkagua kupe masikioni, humkata kucha za nyuma zisijikunje, humpeleka kudungwa sindano ya kichaa. Ule mnyororo unafunga lango.

Mimi naenda kila mwisho wa mwezi, na kwa muda mrefu mbwa alinipokea kama mgeni: anasimama, ananikazia macho mpaka niondoke. Iliniuma. Mtoto wa nyumba hiyo ni mimi.

Safari iliyopita niliketi na mama malishoni, bega kwa bega. Ukungu ulianza kushuka. Mbwa akaja, akanusa viatu vyangu, akatuzunguka sote wawili, akajilaza mbele yetu. Nilingoja anitazame. Kabla ukungu haujafunga kabisa niliona kisogo chake cheupe, na masikio yake yameelekea msituni.