Kisu Kinachokata Kikiwa Kimefungwa

Mtu alikuja kazini kwetu suruali imechanika mfuko, kidole gumba kimefungwa kitambaa, na usoni ana furaha ya bwana harusi.

Alikuwa ameleta kisu kibovu.

Hakutaka kubadilishiwa. Hakutaka kurudishiwa pesa yake. Alitaka tumwandikie barua ya kuthibitisha kwamba kisu chetu ni kibovu kwelikweli.

Jamani, nimeona mengi kiwandani pale, lakini hilo lilinishinda. Simu nimeshaichomeka kwenye chaji, nawasimulia yote kwa mkupuo mmoja, maana nikiacha katikati najijua, sirudi.

Kwanza mnijue. Mimi ni mkaguzi kwenye kiwanda cha visu vya kukunja, vile vidogo vya kutia mfukoni. Huu mwaka wa kumi na moja. Nakaa mwisho kabisa, kwenye stuli ndefu, taa juu ya kichwa, glavu ya ngozi mkono wa kushoto. Kisu kikinifikia nakifungua, nakiangalia, nakifunga. Kizima kinaingia kwenye boksi lake na kikaratasi chenye namba yangu, namba saba. Kibovu kinakwenda kwenye ndoo nyekundu.

Pale hakuna anayeniita kwa jina langu. Wananiita Jicho, kwa sababu hakuna kibovu kilichowahi kunipita.

Na wiki ile ndiyo nilikuwa nasubiri kutangazwa mkuu wa wakaguzi. Meneja alishaninong'oneza, "Jicho, Ijumaa vaa vizuri." Mimi huyo, mbio dukani, nikanunua blauzi mpya.

Sasa siri yangu. Msicheke.

Jicho alikuwa haoni.

Mbali naona vizuri tu, hata nzi akitua ukuta wa pili namjua. Shida ni karibu. Tangu mwaka jana kitu kikinisogelea uso kinageuka ukungu mtupu. Mume wangu, Baba Watoto, wimbo wake ulikuwa mmoja: "Mke wangu, nenda ukapime macho. Jana umetutilia chumvi kwenye chai."

"Mimi? Jicho nivae miwani? Si atanicheka mpaka mlinzi wa getini!"

Basi nikawa nakagua kwa masikio.

Ndiyo, masikio. Kisu kizima ukikifungua kinasema *tak*. Ukikifunga kinasema *tak* ya pili, nzito kidogo. Chenye springi legevu kinasema *teh*. Kilichopinda kinakwaruza. Nikawa nainamisha kichwa kama natazama, kumbe nasikiliza. Mwaka mzima hakuna aliyeshtuka.

Mpaka siku hiyo mlinzi alipokuja mbio. "Jicho, kuna mzee mapokezi. Ana kisu chenye namba yako. Anatoka damu, lakini anacheka."

Moyo ukanilipuka pa!

Nikamkuta mzee mwembamba, shati limenyooshwa kwa pasi, lenzi nyeusi ya fundi saa inaning'inia shingoni kwa uzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Njoo uone maajabu."

Akafunua leso mezani. Ndani kisu chetu, kimefungwa kwa adabu. Nikanyoosha mkono.

"Kishike ubavuni!" akapiga kelele. "Kinakata!"

"Si kimefungwa?"

"Ndiyo hapo sasa! Kinakata kikiwa kimefungwa! Makali yametiwa kinyume, yanatazama nje. Ukikifungua ndipo kinatulia. Kimeshanikata gumba mara tatu, kimenipasua suruali mbili, na funguo za nyumbani hata sijui nimeziangusha barabara gani." Akavuta pumzi. "Kizuri mno!"

Makali kinyume! Hicho kingeonwa hata na mtu aliyesinzia. Lakini kama springi yake ni nzima, kingesema *tak*. Kingesema *tak* safi kuliko wenzake wote, nami ningekipitisha kwa tabasamu. Nikajua Ijumaa yangu imeota mbawa, na kazi yenyewe labda imeifuata.

"Mke wangu ndiye aliyeninunulia," akaendelea, "siku nilipotimiza miaka sitini. Masikini, hakujua! Alidhani ananunua kisu cha kawaida. Kumbe Mungu ananipenda."

Ndipo akanifungukia. Yeye anakusanya vitu vilivyokosewa kiwandani. Ana saa ya ukutani yenye saba mbili na haina nane. Ana kiatu ambacho pea yake yote ni ya mguu wa kushoto. Tatizo lake ni shemeji yake, ambaye naye anakusanya, na ana kikombe chenye mkono kwa ndani. Kila wakikutana anakitoa.

"Nimemwonyesha kisu, unajua kasema nini? Eti nimekigeuza mwenyewe! Mimi, fundi saa wa miaka thelathini, nighushi ubovu! Sasa nataka neno la kiwanda. Kama kasoro ni yenu, nakiwekea kioo. Kama sivyo, nakitupa leo hii. Kinafaa kutunzwa au hakifai?"

Nikaona mlango wa kutokea.

"Mzee, hakina kasoro hicho," nikasema. "Ni toleo jipya."

"Toleo jipya la kukata wateja?"

"Ni... la kujihami."

Akanitazama kama nimemtukania mama yake. "Binti, usinivunjie heshima. Hiki ni kibovu. Ni kibovu sana!"

"Si kibovu, ni kizuri!"

"Kibovu!"

"Basi nikupe kipya, niachie hicho. Nikupe viwili."

"Hata unipe kumi. Vizima vyote vinafanana, nivitofautishe kwa lipi?"

Kelele zikamtoa Meneja ofisini. Kusikia neno "kibovu" tu akapaa. "Mzee wangu, kiwanda hiki hakitoi vibovu! Anayekagua hapa ni Jicho mwenyewe!"

"Namba saba?" mzee akauliza, akatoa kile kikaratasi mfukoni, ule mfuko uliobaki.

Meneja akakisoma. Akanigeukia taratibu. "Jicho. Kiangalie hicho kisu uniambie."

Hapo ndipo maji yalipozidi unga.

Nikakishika ubavuni. Nikakisogeza karibu, ukungu. Nikakirudisha nyuma kidogo. Nikanyoosha mkono wote, nikarudisha na kichwa mpaka kikagonga ukuta.

"Mbona umekiweka mbali hivyo?" Meneja akauliza. "Unakipiga picha?"

Fundi saa akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayeijua kazi ndogondogo, "Binti yangu, huoni karibu wewe."

Machozi yakanilengalenga, nikaona aibu ya miaka kumi na moja inanishuka kwa pamoja.

Akavua lenzi yake shingoni, akanipachika jichoni mwenyewe. "Haya. Tazama."

Wee!

Nilikuwa sijaona kisu hivyo mwaka mzima. Niliona mpini, niliona mikwaruzo, niliona damu yake mzee imekauka pembeni. Na niliona pini, ile inayoshikilia bapa la kisu kwenye mpini.

Nikashtuka.

Pini zetu vichwa vyake ni bapa, vimebanwa kwa mashine, kila kimoja na nukta katikati. Hii ilikuwa na kichwa cha mviringo. Imegongwa kwa mkono, nyundo ndogo, polepole, na mtu mwenye subira.

Kisu kilitoka kwangu kizima! Masikio yangu hayakunidanganya! Nilitaka kuruka mpaka dari.

Halafu nikamtazama mzee. Alikuwa ananisubiri mdomo wazi, ameshikilia leso kwa mikono miwili. Neno langu moja lilikuwa linaniokoa mimi na kumzika yeye. Nawaambia ukweli, nilifikiria kudanganya. Lakini kudanganya ilikuwa kusema nimekosea, na blauzi nilishanunua.

"Mzee," nikasema, "hii pini si yetu."

Meneja akashusha pumzi kama tairi. Mzee akaichukua lenzi, akainama, akatazama. Akatazama tena.

"Hii ni pini ya saa ya ukutani," akasema. "Ni ya kwangu. Droo ya chini."

Nikashindwa kujizuia. "Fundi mzima, muda wote huo hukukiwekea lenzi?"

"Binti, nikiweka lenzi juu ya kitu kazi yangu ni kutafuta ubaya. Hiki nilikuwa nakifurahia tu."

Kweli, mganga hajigangi. Sote wawili.

Akatoa simu, akaweka sauti ya nje. Ikaita mara tano.

"Fundi, umezipata funguo?" sauti ya mwanamke ikauliza. "Nimekaa kwa jirani tangu asubuhi."

"Mke wangu. Droo ya chini. Pini."

Hata Meneja akaacha kuchezea tai.

"Nani kakwambia?"

"Ni wewe?"

"Sasa ulitaka iwe nani, paka? Mwaka mzima unanung'unika, shemeji ana kikombe, shemeji ana kikombe, laiti ningepata kisu chenye kasoro. Nimezunguka maduka yote miezi miwili! Nimefungua visu mpaka wenye maduka wakanifukuza wakidhani mwizi. Hakuna hata kimoja kibovu! Hao watu wa kiwanda hicho wana nini lakini? Hawakosei hata siku moja?"

Nikanyoosha mgongo. Meneja akanitazama kwa heshima.

"Basi nikanunua kizima," akaendelea, "nikakigeuza mwenyewe siku uliyokwenda kunyolewa. Miaka thelathini nakuangalia unagonga pini, ulidhani sijifunzi?"

"Umenidanganya," mzee akasema, lakini sauti ilikuwa imeshamlegea.

"Nimekudanganya. Ulifurahi, hukufurahi?"

"Nilifurahi."

"Basi."

Mzee akajifuta macho kwa leso ileile, nusura ajikate tena. "Umeigonga vizuri," akasema. "Haichezi hata kidogo."

"Njoo na funguo," mke akajibu, akakata.

Barua nilimwandikia. Meneja aliisoma mara mbili, akatikisa kichwa, akagonga muhuri. Ilisema hivi: *Kisu hiki kilitoka kiwandani kizima. Ubovu wake umetengenezwa nyumbani na mke wa mwenye nacho, kwa mkono, baada ya kutafuta kibovu madukani na kukikosa. Kiwanda hakiwezi kutengeneza kingine. Kitunzwe. Mkaguzi namba saba.*

Nasikia shemeji aliposoma alikwenda kwao akamwomba mkewe naye amharibie kitu. Mke akamwambia kikombe chake alikwishakichoka siku nyingi, kama anataka akivunje sasa hivi.

Na mimi? Mzee alipotoka tu, Meneja akafunga mlango. Nikamweleza yote, *tak* na *teh* na ukungu.

"Mwaka mzima unakagua kwa masikio?"

"Ndiyo, bosi."

"Na malalamiko mangapi yamekuja?"

"Hili la kwanza. Na huyu hakulalamika."

Akacheka mpaka akakaa. "Ijumaa nakutangaza kama nilivyosema. Lakini Jumatatu nikikuona bila miwani, unarudi kwenye stuli."

Ijumaa ikafika. Blauzi mpya mwilini, nimejipara, nameremeta. Fundi saa alikuja na mkewe, nimewaalika mwenyewe. Meneja akanitangaza, watu wakapiga vigelegele, nikapewa kalamu ya heshima. Nikaitia mfuko wa kifuani. Ikaanguka. Nikaiokota, nikaitia. Ikaanguka. Nikadhani ni furaha imenilegeza mikono.

Kilichonishangaza ni fundi saa. Macho hayabanduki kifuani kwangu! Mkewe kampiga kiwiko mara mbili, mzee wala. Mwishowe akanisogelea akaninong'oneza, "Binti, hiyo blauzi umeinunua wapi?" Nikasema moyoni, wanaume hawa, hata wenye miaka sitini.

Jumamosi nikachukua miwani. Nikarudi nyumbani nimeivaa, nikasimama mbele ya kioo na blauzi yangu nijione nilivyopendeza.

Mfuko ulikuwa umeshonwa mdomo chini.

Vifungo sita vyeupe, cha saba kijani. Na kola upande mmoja ina ncha, mwingine umeviringwa.

"Baba Watoto!" nikapiga ukelele. "Uliniona nikitoka nimevaa hivi?"

Akachungulia mlangoni, ametulia tuli. "Nilikuona."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Tangu uanze kutusimulia habari za yule mzee," akasema, "nilidhani na wewe umeanza kukusanya."

Nilikuwa niirudishe dukani. Nimeshaikunja kabisa. Ndipo ujumbe ukaingia, kutoka kwa fundi saa: *Nimeota ile blauzi. Mke wangu ameniruhusu kuuliza. Taja chochote.*

Nimemjibu haiuzwi. Kama anaitaka sana, namba ya mkewe anayo na sindano naamini zipo nyumbani.

Wenzangu, kama huoni vaa miwani, acha maringo. Lakini ukipewa kitu na mtu anayekupenda, hapo ivue kwanza.