Miaka Niliyomwongeza Bibi

Wanafunzi wangu wa maabara hunicheka. Wakiniletea kipande cha uvimbe wa saratani, siinamii darubini kwanza. Nauliza, "Umri wa mgonjwa kausema nani?" Wakinijibu umeandikwa kwenye karatasi, nawaka. Karatasi! Kwani karatasi inajua nini zaidi ya ilichoambiwa?

Nna sababu yangu. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu tutoke Unguja, tunakaa Maskati ndani ya ukuta wa mji, vyumba viwili, nami nna miaka kumi na mitatu. Nyumba nzima mwenye Kiingereza nilikuwa peke yangu, na nikijidai nacho, wee! Aliyenilea ni Bibi, mama yake baba. Siku moja namsugua mgongo akaushika mkono wangu akauweka chini ya titi la kushoto. Palikuwa na kitu kigumu kama kokwa ya tende.

"Baba yako asijue," akasema. "Nipeleke wewe kwa daktari."

Hospitali ilikuwa Matrah, mji wa jirani, na daktari wake mgeni, Kiarabu chake cha kubabaisha. Tulikuta wanawake wamejaa barazani, wengine wamekaa juani. Karani alikuwa akiwapitisha wazee kwanza. Alipotufikia akauliza kwa Kiarabu, mama huyu umri wake? Bibi hakuujua; kwao kuhesabu miaka ya mtu ni kumtafutia kijicho. Nikaona jua lile litamwangusha. Na kwetu kumzidishia mtu mzima umri ni heshima, si tusi.

"Themanini," nikasema.

Bibi akanifinya. Karani akaandika, akatupisha.

"Mtundu wee!" Bibi akaninong'oneza, anajizuia kucheka. "Umeshanizeesha." Kisha akaupinda mgongo makusudi, akanishika bega, akajikongoja mpaka kwa daktari. Uso wake haukumsuta, maana miaka ile mitatu ya kuhama ilikuwa imemkausha.

Daktari alimpapasa, akaitazama karatasi. Alikuwa mtu mwema, alinieleza polepole. Angekuwa na sitini, alisema, angempasua wiki ile ile. Lakini kwa themanini, kisu kitamwua kabla ya uvimbe. Tena kwa wazee vitu hivi hukua taratibu. Mwacheni ale, apumzike.

Nilichotakiwa kusema ni neno moja tu. Lakini karani alikuwa kasimama mlangoni, na Bibi kakaa na kibiongo chake cha uongo, ananitazama kwa fahari, mjukuu wake anazungumza Kizungu na daktari. Nikaona haya. Nikaogopa kuitwa mwongo mbele za watu.

"Kasema nini?" Bibi akauliza.

"Kasema si kitu, Bibi. Ule, upumzike."

"Alhamdulillahi!" Akanyoosha mgongo pale pale nje ya mlango, na tulipopita sokoni akaninunulia haluwa. Niliila yote.

Hakumaliza mwaka. Mwishowe hata kanga ikimgusa kifuani alilia. Siku ya tatu ya matanga baba akautoa msahafu wa marehemu babu, ambao nyuma yake ziliandikwa siku walizozaliwa watu wa nyumba yetu. Akahesabu, akarudia.

"Hamsini na tisa," akasema. "Mama alikuwa bado."

Nikatoka uani nikatapika. Baba alidhani ni uchungu wa msiba, nami nikamwacha adhani hivyo mpaka naye akafa.

Basi maisha yangu yote nimeyamaliza hapo: seli huzeeka vipi, na kwa nini uvimbe huu ukimbie kwa mmoja na utambae kwa mwingine. Nimejifunza kwamba miaka peke yake haikwambii. Pengine kisu kisingemwokoa. Hilo sitalijua, na hakuna darubini ya kunionyesha. Wenzangu husema nna moyo wa utafiti. Moyo gani! Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu mwenyewe ndiye mie.

Mwezi uliopita nimetimiza hamsini na tisa, kwa hesabu ile ile ya baba. Asubuhi hiyo lifti ya maabara ilikuwa mbovu. Nikapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu na mkoba wangu begani, nikafika juu sihemi, nikavaa koti nianze kazi. Mkono haukufika kwenye vifungo. Nilikaa pale pale nikalia mbele ya wanafunzi wangu.

Bibi yangu hakuwa mzee.