Mchumba Wangu Anajua Ninachofanya Ghorofani, Lakini Amenyamaza

Admin, nifichie jina. La mtaa liache tu, maana Mkomani nzima washanisema na hakuna kilichobaki cha kuficha. Mimi ni binti wa miaka ishirini na saba, nimeposwa, na harusi ilikuwa iwe baada ya Maulidi.

Kazi yangu ni hii. Chuo kikuu nilichosomea kompyuta kule bara kimeniajiri kuwasaidia walimu na wanafunzi wanaofanya kazi kutoka majumbani mwao. Mtu akishindwa kuingia kwenye mkutano wa mtandaoni, au kikundi kinaandika ripoti pamoja na nusu yake ikapotea, wananipigia mimi. Mwenyewe akiniruhusu, naingia kwenye kompyuta yake nikiwa huku huku kwetu, naona skrini yake kama anavyoiona yeye, natengeneza, natoka. Nakaa chumba cha juu kwa sababu ndipo mtandao unaposhika. Navaa hedifoni kwa sababu mambo ya watu si ya nyumba nzima kusikia. Kuna siku nafungua kompyuta ya mwalimu na alama za mtihani za darasa zima ziko pale pale.

Sasa nyumba zetu mnazijua. Dirisha langu na la jirani, mkinyoosha mikono mnapeana chumvi. Huyo jirani, Mungu amsamehe, miezi yote niliyofanya kazi hii alikuwa anasikia upande wangu tu. Na upande wangu ndio huu: "Bwana, niruhusu niingie." "Nimeshaingia, usiguse kitu." "Polepole, usiwe na haraka, bado sijamaliza." "Haya, imekubali. Ukinihitaji tena nipigie." Nilipoambiwa kinachosemwa mtaani nilicheka mpaka nikakaa chini. Kicheko kilikatika niliposikia maneno yamemfikia mama wa mchumba wangu.

Alikuja baada ya Alasiri, yeye na mwanawe. Kahawa hakuigusa. Akamgeukia mama yangu kama vile mimi sipo. "Dadangu, muyi mzima wateka, tumekuwa kichekesho. Huyu mwanao azungumza na waume huko juu tangu asubuhi!"

Mama akaanza kulia. Mimi nikamweleza mkwe wangu kazi yangu yote, taratibu, kwa heshima. Akasema, "Kama ni kazi, ukipigiwa ondoa hayo madude masikioni. Yeo nitakaa nisikize."

"Siwezi, Mama," nikamjibu. "Wale wanaopiga wameniamini na siri zao. Sizitoi ili nisafike mimi."

"Basi iwate hiyo kazi. Mke wa mwanangu hawi wa kupigiwa simu na kila mume. Ijumaa nitakuya kutwaa jawabu."

Na mwanawe je? Alikuwa amekaa pale pale anaangalia vidole vya miguu yake. Hapo ndipo nilipoumia, na nitawaambia kwa nini.

Mchumba wangu ni mwalimu wa shule upande wa Kililana, na anasoma shahada ya uzamili kwa mtandao kwenye chuo hicho hicho. Mnajua tulijuanaje? Kazi ya kikundi chao ilifutika asubuhi ya kuiwasilisha. Wenzake wakamlaumu yeye, akanipigia, nami nikamwambia maneno yale yale: niruhusu niingie. Nikaitafuta nakala ya nyuma nikairudisha. Akapiga tena kushukuru. Akapiga tena bila sababu. Alipotaka kuniposa, shangazi yake akapanga mamake anione kwenye harusi ya watu, na mpaka leo mama wa watu anaamini ni yeye aliyenichagua.

Kwa hiyo anajua. Katika watu wote waliokuwa ukumbini siku ile, yeye peke yake alishawahi kuwa upande wa pili wa simu ile. Sentensi moja tu ingetosha, akaimeza.

Alipotoka akanipigia. "Wewe wamjua mama. Akisikia tulianza kwa simu, posa imekufa. Iwate kazi kidogo tu, tukishaoana utarudi."

Kidogo tu! Kama vile kazi ni sufuria, unaiepua kisha unairudisha jikoni. Nikamuuliza, "Nikiiwata, si ndiyo nimekubali kwamba nalikuwa na waume?"

"Watu watasahau."

"Miye sitasahau. Ijumaa ndoo hapa, wewe na mamako, umwambie tulijuana kwa ndia gani. Ukishindwa, posa yako utaikuta mlangoni."

Tangu hapo ananiandikia maneno mawili tu: nipe muda. Muda wa nini? Jirani hakuomba muda, alisema papo hapo.

Nampenda, sitawadanganya. Nimelia mpaka uso umevimba. Mamangu ananibembeleza niinamishe kichwa, anasema wanawake wote wameinamisha na dunia haikuisha. Lakini nimejitafuta kosa na silioni. Kazi hii naifanya vizuri, nayo inanipa heshima ambayo mtaa huu haujanipa. Leo asubuhi simu zimelia kama kawaida na nimezipokea, na hilo "niruhusu niingie" nimelisema kwa sauti kubwa kuliko siku zote, asikie anayetaka kusikia.

Kesho ndiyo Ijumaa. Nishaurini, hasa nyinyi mliopita mikononi mwa wakwe wagumu. Akija akaangalia vidole tena, nimseme mimi mbele ya mamake, aaibike? Au nirudishe posa kimya kimya, yeye abaki mtoto mwema na mimi nibaki na jina baya nililobandikwa? Nifanye lipi kati ya hayo mawili?

La kuacha kazi sikuwauliza.