Kiti cha A cha Mzee Rehani

Mzee Rehani amepanda ndege mara moja tu maishani, na kiti alichokalia nilimchagulia mimi, Mikidadi, fundi cherehani wa Bigwa. Mpaka leo sijajisamehe.

Alilima miaka thelathini na moja juu kule Uluguru, kwenye shamba la mkewe, Zuleha. Kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama. Zuleha alifariki bila kuacha mtoto, na arobaini ilipopita wajomba zake wakaja kwa heshima zote, wakala pilau, wakamwambia mkwe wao ajiandae kuondoka. Migomba kaipanda yeye, midalasini kaipanda yeye, na kaburi la mkewe liko katikati ya hiyo midalasini. Mila ndivyo ilivyo, lakini pilau ile ilinikaa kooni.

Twalibu, mtoto wa dada yake mzee, akamwita Mbeya ili amtunze. Nyonga ya mzee haiwezi basi la kutwa nzima kutoka stendi ya Msamvu, basi akamkatia tiketi ya ndege, apandie Dar. Mzee alifurahia jambo moja tu: angepita juu ya mlima akaliage shamba, maana kuupanda kwa miguu hakuwezi tena.

"Miki, dirishani ni wapi?" akaniuliza.

Mimi niliyewahi kwenda Dodoma kwa ndege nikajifanya profesa. Nikamchorea mezani kwa chaki ya kukatia nguo: A, B, C, njia, halafu D, E, F. A na F dirishani, B na E katikati, C na D njiani.

"Chukua A," nikamwambia. "Mimi nilikaa A, nikauona mlima wote mpaka mapaa ya nyumba."

Akaondoka anaikariri. Kaunta akaomba A, akapewa A.

Sikujua kwamba ndege ya Mbeya huuacha mlima upande wa kulia. Mzee aliganda dirishani kwake kushoto, akitazama tambarare. Rubani alipotangaza kuwa Uluguru iko kulia, akataka kuinuka. Mhudumu akamwomba akae, taa ya mkanda bado inawaka. Kule F abiria alikuwa ameshusha kifuniko cha dirisha kukwepa jua, kalala. Mzee akaona haya kumwamsha.

Alinieleza hayo kwenye simu, bila lawama hata moja. Angenitukana ningepata nafuu.

Sasa kila Ijumaa baada ya swala ananipigia. Kule ni baridi, anasema, na hajui mtu.

"Ndugu yangu, hebu nisimulie tena ulivyouona ukiwa A."

Namsimulia. Bati linavyong'aa, migomba, midalasini, hata pale alipolala Zuleha. Husikiliza, kisha huniuliza kama palikuwa pamefyekwa. Namjibu palikuwa safi.

Siku ile ya Dodoma kulikuwa na mawingu tangu Dar mpaka tunatua. Sikuona kitu.