Kadi za Harusi za Baba Mkwe

Mimi makosa ya Kiingereza siyasomi. Yananipiga puani kama samaki aliyeachwa juani. Pua hiyo niliipata upande wa Waingereza, ng'ambo ya mpaka wa Sakania, pamoja na diploma yenye mhuri mwekundu. Hakuna aliyenilipia. Mchana niliosha sahani katika hoteli ya reli, jioni nikakaa darasani kwa wamisionari, na katika mtihani wa mwisho niliwapita hata wenyeji wa kule. Sisemi haya kwa kujisifu. Au tuseme ni kwa kujisifu pia. Nani mwingine atanisifu?

Niliporudi kwetu Elisabethville, upande wa Wabelgiji, nilikuta Kiingereza kimekuwa kofia ya kigeni ambayo kila mtu wa site, mtaa wetu sisi Waafrika, alitaka kuivaa. Wabelgiji walitufundisha Kifaransa, lakini treni za kusini zilituletea Warodezia na Wanyasa wenye suruali nzuri, basi kila fundi akataka kuwavuta kwa lugha yao. Kinyozi mmoja alikuwa ameandika ukutani WE CUTS HEAD, yaani “sisi anakata kichwa”, na watu waliingia bila hofu. Fundi wa baiskeli aliichukua sentensi ya Kifaransa akaivika koti la Kiingereza: BICYCLE REPAIRS HIMSELF HERE. Baiskeli inajitengeneza yenyewe! Sasa wewe fundi unakaa hapo kufanya nini? Nilitembea na chaki mfukoni nikisahihisha. Walinifukuza, nikarudi. Kila kosa lilinikwaruza kama mchanga ndani ya bukari, ugali wetu.

Hapo ndipo nilipochumbia binti wa fundi wa nguo. Mzee huyo alikuwa mtu wa kaskazini, Mkatoliki wa misa ya kwanza, na mikono yake ilijua koti kuliko mikono yoyote mjini. Lakini shule alikuwa ameipita kwa nje tu. Kwetu mukwe hasemezwi uso kwa uso; heshima hiyo ya ukwe tunaiita bukwe. Ukimkuta njiani unapisha na kutazama chini, na neno lako linapelekwa na mshenga. Mshenga wangu alikuwa mjomba wangu, msukuma magari ya mgodi aliyestaafu. Mambo yalikwenda vizuri mpaka siku aliponiletea bahasha kutoka kwa mzee: kadi za mwaliko, zimeshapigwa chapa, zote kwa Kiingereza.

YOU ARE INVITED FOR EATING THE MARRIAGE OF OUR DAUGHTER WHICH SHE IS MARRY WITH MISTER DIPLOMA.

Nilikaa chini. Kula ndoa! Na hilo *which* ni neno la kutajia vitu, kana kwamba binti yake ni kiti. Kadi hizo zilikuwa ziende kwa rafiki zangu wa kusini, watu waliosoma nami benchi moja. Nilichukua wino mwekundu nikaisahihisha moja mpaka ikafanana na kidonda.

“Mjomba, mpelekee hii. Azichapishe upya.”

“Mimi? Maneno ya namna hii sipeleki kwa bukwe. Weye mutoto, uko na homa?”

“Basi nitapeleka mwenyewe.”

“Utapeleka na kaburi yako pia.”

Nilikwenda. Mzee alikuwa kwenye cherehani barazani, wateja wamekaa pembeni. Sikupisha, sikutazama chini. Niliweka kadi juu ya kitambaa alichokuwa akishona nikasema, “Baba, hii ni aibu.” Alisimamisha gurudumu kwa kiganja, akageuza uso wake ukutani. Ndani mama mkwe alishika kichwa akatoka kwa mlango wa nyuma. Mteja mmoja akasema polepole, “Eee, bukwe imekufa leo.”

Mchumba wangu alinikuta kwenye bomba la maji, mbele ya wanawake wote wa mtaa.

“Monsieur Diplôme! Unataka kuoa mie ao kadi?”

“Unajua walichoandika pale?”

“Najua. Baba alitafuta maneno moja moja kwa batu ba Rodezia. Juu yako! Aliogopa barafiki yako batasema umeoa kwa bashenzi.”

“Sasa watasema hivyo hivyo.”

“Baseme,” alisema, akajitwika ndoo. Wanawake wakacheka. Mmoja akaniuliza kama diploma huwa inachota maji.

Kwa siku kadhaa hakuna aliyenifungulia mlango kule kwa mzee. Kisha mjomba alirudi na hukumu ya wazee, akaitoa huku akitafuna karanga, bila kunihurumia. Kuku mweupe kwa mama mkwe. Na siku ya harusi nisimame nisome kadi mbele ya wageni wote. “Vile iko, vilevile. Ukibadilisha neno moja, mutoto mwanamuke anabakia kwa baba yake.”

Sikulala vizuri. Niliipima diploma na niliupima ule uso uliokwenda chini ya ndoo bila kugeuka. Nilimtaka. Lakini msifikiri nilianza kuupenda ule uchafu wa kadi. Hata leo, ninapouandika, mkono unatafuta wino mwekundu.

Siku ya harusi nilivaa suti aliyoishona mzee mwenyewe, suti isiyo na kosa hata la uzi mmoja. Rafiki zangu wawili wa kusini walikaa mbele. Nilisimama nikasoma. Nilipofika kwenye *which*, mmoja wao aliinamia sahani yake kwa ghafla, mabega yakitetemeka. Nilitamka kila kosa mpaka mwisho, jasho likinishuka shingoni. Watu wa site walipiga makofi na vigelegele, maana kwao kilikuwa Kiingereza safi.

Baba mkwe alikuwa amekaa upande wa pili, uso wake ukitazama uani. Alimwita mjomba, akamnong'oneza. Mjomba akaja kwangu akikaza midomo isicheke.

“Mukwe anasema, bale ba nyuma habakusikia muzuri. Soma tena.”

Bibi harusi alinitazama. Nikafungua kadi, nikasoma tena, kwa sauti kubwa zaidi.